Uduvi wa barafuni: niliyoyaona pwani ya Antaktika kwa misimu mitatu (uzi mrefu)

#1 BahariaWaPangani

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa ajira za melini niliahidi kuja kuandika habari za Antaktika. Nimechelewa kwa sababu nikiwa baharini intaneti ni ya kupimiwa, na nikiwa nyumbani watoto hawanipi nafasi. Leo mvua imenifungia ndani, kwa hiyo nalipa deni.

Niseme mapema: mimi si mwanasayansi. Ni mtu wa jikoni kwenye meli ya abiria. Tunaondoka Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina, tunavuka Mlango wa Drake kwa siku mbili (hapo hata baharia wa miaka ishirini anamkumbuka mama yake), halafu tunatembea kando ya Rasi ya Antaktika, kile kidole cha bara kinachoelekea Amerika Kusini. Msimu ni Novemba hadi Machi. Melini kuna wataalamu wa ndege, wa nyangumi na wa barafu wanaowafundisha abiria kila jioni. Mimi ndiye naingiza chai ukumbini na kutoa vikombe, na nimejifunza kuvitoa polepole sana.

Kilichonipokea kule si baridi, ni harufu. Mara ya kwanza tulipotia nanga karibu na koloni la pengwini upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, nikasimama mlango wa jikoni nikasema hapa kuna mtu kaanika uduvi ukanyeshewa kabla haujakauka. Wa Pangani na Bagamoyo wanaijua hiyo harufu. Theluji yote pale ilikuwa na rangi ya waridi. Ni kinyesi. Mtaalamu mmoja akaniambia rangi ile inatokana na chakula chao, krili.

Krili ukimtazama utasema ni uduvi aliyekula akashiba. Anafika sentimita 6, anaishi miaka 5 hadi 7, na anatembea kwa makundi yanayobadilisha rangi ya maji. Pengwini anamla, sili anamla, samaki anamla, nyangumi anameza kwa pipa. Kwetu papa hali uduvi, anakula samaki aliyekula samaki aliyekula uduvi. Kule ngazi zote hizo zimekatwa: mnyama wa tani thelathini anakula moja kwa moja kadudu ka gramu mbili. Akiguswa huyo mmoja, meza nzima inayumba.

Nakunywa chai, naendelea.

#2 mzee_wa_mkeka

Siti ya mbele. Nakaa mkao wa kula.

#3 Chausiku88

Kaka Baharia, karibu nyumbani. Swali la mtu asiyejua: kule bado ni baridi, barafu bado ipo. Huyo krili anadhurika vipi na joto la dunia? Nyuzi moja au mbili zikiongezeka si bado ni friji?

#4 BahariaWaPangani

Dada Chausiku, hata mimi niliuliza hivyo hivyo.

Kwanza tutenganishe barafu mbili. Kuna barafu ya nchi kavu, theluji ya maelfu ya miaka iliyoshindiliwa, inayotambaa polepole kuelekea baharini na kumeguka. Halafu kuna barafu ya bahari: maji ya chumvi yenyewe yanaganda juu wakati wa baridi, unene wa mita moja hivi, na kiangazi inayeyuka. Hii ya pili ikiyeyuka haipandishi maji, kama barafu iliyo tayari kwenye glasi ya juisi. Kwa hiyo wengi wanaipuuza. Lakini kwa viumbe vya pwani ile ndiyo yenye kazi.

Chini ya ile barafu kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, umeota ukiwa umepinduka kichwa chini, unapata mwanga kidogo unaopenya. Krili jike anataga mayai, mayai yanazama mamia ya mita, yanaanguliwa gizani, na watoto wanapanda juu. Hawajakaa sana juu majira ya baridi yanawakuta, jua karibu halipo, maji hayana chakula. Kilichopo ni ule mwani. Wanajibanza kwenye mianya ya barafu, wanaukwangua kama mtoto anavyokwangua ukoko wa wali sufuriani, na wanajificha humo wasiliwe. Krili mkubwa anaweza kustahimili njaa miezi kadhaa. Kitoto hakiwezi.

Sasa barafu ikichelewa kuganda, au ikiwahi kuondoka, kile kizazi cha mwaka huo kinakosa ukoko. Joto lenyewe halimuui krili, dada. Shida ni kwamba shamba halikulimwa.

Na ule upande wa magharibi wa Rasi ni kati ya sehemu zilizopata joto haraka zaidi katika nusu ya kusini ya dunia. Kwenye kituo cha Vernadsky, ambacho zamani kilikuwa cha Waingereza kikiitwa Faraday, wastani wa joto la hewa umepanda karibu nyuzi 3 tangu miaka ya 1950. Kati ya mito ya barafu 244 inayoishia baharini kwenye Rasi, utafiti wa mwaka 2005 uliona asilimia 87 imerudi nyuma. Barafu ya bahari kuzunguka bara zima ilikuwa inabisha bisha kwa miaka mingi, mara inaongezeka kidogo, watu wakapata la kusema, halafu baada ya 2016 ikaporomoka. Februari 2023 ilibaki kilomita za mraba milioni 1.79, ndogo kuliko zote tangu setilaiti zianze kupima.

#5 Kipara_Ngoto

Sisi kila masika tunahama na magodoro kichwani, wewe unatuletea habari za pengwini. Wabongo bwana.

#6 mzee_wa_mkeka

@Kipara_Ngoto kuna nyuzi za siasa elfu moja humu ndani, nenda ukanoe meno kule. Baharia, tiririka.

#7 BahariaWaPangani

Kipara simlaumu, mwaka jana hata kwangu maji yaliingia hadi sebuleni. Lakini naandika nilichokiona.

Tuje kwa pengwini, maana ndiyo watu wanalipia hela nyingi kuwaona. Ukifika pale mara moja unadhani wote sawa, kanzu nyeusi kifua cheupe, kama mashekhe wamekwenda kwenye arusi. Ukikaa unawatambua. Kuna wa Adélie, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Huyu hawezi kuishi bila barafu. Kuna jentu, mdomo wa rangi ya chungwa. Huyu anapenda maji yaliyo wazi. Na kuna wale wenye mstari mweusi kidevuni kama mkanda wa kofia ya askari.

Karibu na kituo cha Wamarekani cha Palmer, kwenye Kisiwa cha Anvers, miaka ya 1970 walihesabu jozi kama 15,000 za Adélie. Sasa zimebaki elfu chache. Jentu, ambaye hakuwepo maeneo yale, amehamia na anazaliana. Kwenye Kisiwa cha Elephant, wale wa mkanda wa kidevu walihesabiwa jozi zaidi ya 120,000 mwaka 1971; mwaka 2020 watu walirudi wakahesabu upya, wakakuta kama 53,000.

Adélie ana balaa jingine. Hewa ikipata joto inabeba unyevu mwingi zaidi, theluji inaanguka nyingi wakati wa kutaga, halafu inayeyuka. Kiota chake ni kokoto tu. Maji yanaingia, yai linalala kwenye dimbwi la baridi. Nimemwona mwenyewe mmoja ameatamia majini, maji yamemfika tumboni, hanyanyuki. Abiria walikuwa wanapiga picha wakasema tazama anavyopendeza. Mimi nilirudi jikoni.

Pengwini kaisari sijawahi kumwona, tunakopita sisi hayupo. Lakini habari yake ilinipiga kuliko zote. Huyu hana kiota kabisa, anazalia juu ya barafu ya bahari iliyoshikana na pwani. Kifaranga anaanguliwa kwenye baridi kali, na manyoya ya kuzuia maji yanamwota kuanzia Desemba. Mwaka 2022, kwenye Bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika kabla manyoya hayajaota. Makoloni matano yalifuatiliwa kwa setilaiti, na kwenye manne inakisiwa hakuna kifaranga hata mmoja aliyepona.

#8 PwezaMkavu

Mkuu Baharia umeelezea vizuri. Mimi nasoma sayansi ya bahari, niongezee kidogo upande wa chini kabisa, kwa sababu watu wakiongelea Antaktika wanaishia kwenye pengwini na nyangumi wakati utajiri uko sakafuni.

Pwani ile chini ya maji imejaa: spongi, matumbawe laini, nyota za bahari, minyoo, buibui wa bahari wa ukubwa wa sahani. Kuna samaki wa familia moja ambao damu yao haina rangi nyekundu, hawana himoglobini kabisa (ile inayobeba oksijeni kwenye damu), kwa sababu maji ya nyuzi karibu -1.8 yanabeba oksijeni ya kutosha kuingia mwilini bila msaada huo. Samaki wengi wa kule wana protini inayozuia damu isigeuke barafu. Wameishi kwenye baridi isiyobadilika kwa mamilioni ya miaka hadi wamepoteza uwezo wa kuhimili mabadiliko. Maji yakipata joto, oksijeni inapungua, na huyo asiye na himoglobini hana akiba.

Halafu kuna mambo mawili yanayogongana. Rafu ya barafu, yaani barafu ya nchi kavu iliyotambaa hadi ikaelea baharini, ikivunjika, kama ile ya Larsen B mwaka 2002, kilomita za mraba zaidi ya 3,000 ndani ya wiki tano hivi, mwanga unaingia sehemu ambayo ilikuwa giza kwa maelfu ya miaka. Mwani unaota, viumbe vinapata chakula, sakafu inachangamka. Unaweza kusema ni faida. Lakini barafu ya bahari ikiwa haipo, mapande makubwa ya barafu yanayoelea hayashikiliwi na kitu, yanasukumwa na upepo na kukwangua sakafu ya pwani kama trekta. Waingereza wa kituo cha Rothera wamekuwa wakipanda alama chini ya maji na kuzikagua kila mwaka kuona ngapi zimesagwa. Kiumbe kinachohitaji miaka kadhaa kukua hakipati muda wa kukua.

Na kuna tope. Ghuba ya Potter, Kisiwa cha King George, kilipo kituo cha Waargentina cha Carlini: mto wa barafu wa Fourcade umerudi nyuma, maji ya kuyeyuka yanamwaga mashapo baharini. Wanyama wanaochuja maji ili wale, hasa wale wanaofanana na vifuko, walipungua vibaya, wakachukuliwa nafasi na wengine wanaovumilia matope. Mtu aliyepiga mbizi pale miaka ya 1990 akirudi leo atadhani amekosea ghuba.

Asidi nayo ipo. Maji baridi yanayeyusha hewa ya ukaa nyingi kuliko maji ya joto, ni kama soda, ya baridi inashika gesi. Hewa hiyo ikiyeyuka majini inaleta asidi, na konokono wadogo wanaoelea wana gamba jembamba la chokaa ambalo asidi inalila. Naachia hapo, nisiteke uzi wa mtu.

#9 Chausiku88

Samaki mwenye damu nyeupe! Sasa tukimkaanga anakuwaje?

#10 BahariaWaPangani

Pweza teka tu, mimi nilikuwa sijui ya sakafuni.

Dada Chausiku, sijamkaanga na sheria hainiruhusu hata kuokota kokoto 😂

Hiyo inanileta kwenye sehemu niliyotaka kuifikia tangu mwanzo: binadamu. Maana tabianchi ni mkono mmoja, na tuna mkono wa pili uliomo ndani ya maji yale yale.

Tunapita Kisiwa cha Deception. Ni volkano iliyozama katikati, meli inaingia ndani kupitia mwanya mwembamba. Ufukweni kuna matangi na majiko makubwa ya chuma yaliyoshika kutu, masalia ya kiwanda cha mafuta ya nyangumi kilichofanya kazi kuanzia 1912 hadi 1931. Karne ya 20 nyangumi zaidi ya milioni mbili waliuawa katika bahari za kusini. Marufuku ya kuwavua kibiashara ilianza 1986, na nyangumi nundu wamerudi kwa kishindo. Siku nyingine tunawaona hadi nahodha anachoka kutangaza.

Wanarudi wanakuta nini? Meli za krili.

Krili anavuliwa kutengeneza chakula cha samaki wa kufugwa, hasa samoni, na vidonge vya mafuta ya omega. Norwei ndiyo kubwa, China inafuata. Kuna meli zinazoacha wavu majini na kunyonya krili kwa pampu mfululizo, mchana na usiku, bila kupandisha wavu. Tume inayosimamia, yenye wanachama 27 (Afrika wamo Namibia na Afrika Kusini), imeweka kikomo cha tani 620,000 kwa mwaka upande ule wa Atlantiki. Utafiti wa 2019 ulikadiria kuna krili tani milioni 62.6 eneo hilo. Piga hesabu: asilimia moja. Mtu wa kiwanda akikwambia asilimia moja unaona aibu hata kubisha.

Ila nipe mimi asilimia moja ya wali wa arusi nzima, niichote yote kwenye sinia la watoto wako. Meli haziendi kuchota kidogo kidogo kila mahali. Zinakwenda pale krili walipojazana, ambapo ndipo pengwini na nyangumi wanakwenda, sababu ni hiyo hiyo. Januari 2022, karibu na Kisiwa cha Coronation, watu wa meli ya abiria kama yetu walikuta nyangumi mapezi karibu elfu moja wakila, na meli nne za krili zinapita katikati yao. Mwaka 2021 na 2022 nyangumi nundu walikutwa wamekufa ndani ya nyavu.

Kulikuwa na kanuni ya kugawanya zile tani kwa maeneo, ili Rasi isibebeshwe zote. Eneo lake lilikuwa na tani 155,000. Kanuni ilikwisha muda mwaka 2024, wanachama wakashindwa kukubaliana kuihuisha, kwa sababu pale lazima wote waseme ndiyo. Msimu uliofuata, kwa mara ya kwanza kabisa, tani 620,000 zikafikiwa na uvuvi ukafungwa Agosti 2025, miezi kama minne kabla ya msimu kuisha. Argentina na Chile wamependekeza hifadhi ya bahari eneo la Rasi tangu 2018. Bado iko mezani.

Kwa haki, makampuni mengi yenyewe yaliamua mwaka 2018 kukaa mbali na makoloni wakati pengwini wanalea. Sitaki kuwa mtu wa kuona ubaya tu.

#11 BintiKilifi

Shikamoo wakubwa wa huku, wengine habari zenu. Nimesoma yote. Kaka Baharia, hao nyangumi nundu unaowaona si ndio hawa tunaowaona huku kwetu Watamu kuanzia Julai? Wanakuja na watoto, watalii wanatoka na boti kuwaangalia. Kama krili wataisha kule, basi na huku kazi imeisha.

#12 BahariaWaPangani

Ndio haohao dada, wanatoka kule wanakuja kuzaa kwetu kwenye joto.

#13 PwezaMkavu

Hapana mkuu, hapo nisimame. Ni nundu wa aina moja lakini si ukoo mmoja. Wale wa Rasi ya Antaktika wanakwenda kuzaa upande wa Pasifiki: Ekuado, Kolombia, Panama hadi Kosta Rika. Wa kwetu, wanaopita Msumbiji, Mtwara, Zanzibar na kufika Kenya, wanakula kusini mwa Bahari ya Hindi. Safari ya Watamu hadi kule ni zaidi ya kilomita 6,000, na wakiwa huku karibu hawali kitu, wanatumia mafuta waliyohifadhi.

Kwa hiyo uvuvi wa krili wa leo, ambao uko upande wa Atlantiki, haumgusi nyangumi wa Watamu moja kwa moja. Barafu ya bahari inayopungua ndiyo inayomgusa, kwa sababu hiyo inazunguka bara zima.

#14 BahariaWaPangani

Nimekubali, nimejifunza. Miaka mitatu nawapungia mkono nikidhani ni majirani.

#15 Kipara_Ngoto

Sawa, nimesoma mpaka hapa kumbe. Sasa wewe unayelalamika si ndiye unawapelekea watalii? Meli yenu inatumia maji ya madafu?

#16 BahariaWaPangani

Kipara umenipata, na hilo sina pa kulikwepea.

Msimu wa 2022/23 watalii walipita laki moja. Meli yetu inachoma mafuta, moshi unatua kwenye theluji, theluji ikipata weusi inayeyuka haraka. Yale mafuta mazito yamepigwa marufuku kusini mwa latitudo 60 tangu 2011, tunatumia mepesi, lakini ni mafuta. Mwaka 1989 meli ya Argentina, Bahía Paraíso, ilipanda mwamba karibu na Palmer, ikamwaga lita kama 600,000 za dizeli kwenye maji yenye makoloni ya ndege.

Sheria tunazo. Watu 100 tu nchi kavu kwa wakati mmoja. Mita tano kutoka kwa pengwini, na pengwini akija mwenyewe unarudi nyuma. Viatu vinasuguliwa kwa dawa kabla ya kushuka na baada ya kupanda, mifuko inafyonzwa vumbi, hata zile tepe za kunata za makoti tunazichokonoa mbegu kwa kibano. Tangu mafua ya ndege yafike kisiwa cha South Georgia mwishoni mwa 2023 na bara lenyewe mwanzoni mwa 2024, abiria haruhusiwi hata kupiga goti chini. Mama mmoja alikaa kwenye mwamba kupumzika, akafokewa kama mtoto, akalia.

Lakini kuna kitu huwezi kukisugua kwa brashi: sehemu ya meli iliyo chini ya maji. Kome wachanga, wa aina inayopatikana Amerika Kusini, walikutwa kwenye Visiwa vya South Shetland, na inadhaniwa waliletwa na meli. Zamani baridi yenyewe ingewaua.

Kwa hiyo ndiyo, mshahara wangu unatoka humo. Ada za shule pia.

#17 Chausiku88

Asante kwa ukweli kaka. Unarudi lini?

#18 BahariaWaPangani

Novemba, Mungu akipenda. Kuna yule mtaalamu wa ndege, mzee wa Kichile, alinipa kazi ya kumsaidia kutoka mlangoni kwangu jikoni. Pengwini akila krili kinyesi ni cha waridi, akila samaki kinakuwa cheupe. Kila tukitia nanga naandika rangi ya theluji kwenye daftari la mapishi, pembeni ya idadi ya mayai ya asubuhi. Msimu uliopita, kwenye ghuba moja tunayoizoea, niliandika "nyeupe" mara nne. Mzee akatazama, akalifunga daftari, akaomba kahawa.

Nikirudi Machi nitaweka kurasa hapa hapa kwenye uzi.

#19 mzee_wa_mkeka

Kambi haing'olewi.